Kilichosalia Ubaoni: Programu za Zamani za Sataranji na Jitihada za Kuzifufua

Katika historia ya mashine zinazocheza sataranji, hakuna iliyovuma kuliko Deep Blue, kompyuta ya kampuni ya IBM ambayo Mei 1997, jijini New York, ilimshinda bingwa wa dunia Garry Kasparov kwa pointi 3.5 dhidi ya 2.5 katika pambano la michezo sita, huku ikichunguza takriban hali milioni 200 za ubao kwa sekunde moja. Hata hivyo, mpenzi wa mchezo huu anayetaka leo kupambana na Deep Blue hana pa kuipata, kwa kuwa baada ya pambano hilo mashine ilistaafishwa, makabati yake mawili yakatenganishwa, moja likapelekwa katika makumbusho ya Smithsonian huko Washington na jingine katika Makumbusho ya Historia ya Kompyuta huko Mountain View, California, na chipu maalumu zilizobeba sehemu kubwa ya ujuzi wake zikazimwa. Kinyume chake, programu ya MicroChess ya mwaka 1976, ambayo hushindwa na mwanafunzi aliyeuzoea mchezo kwa miezi michache tu, imesalia nzima, baiti kwa baiti, na yeyote mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kuiendesha.

Tofauti hiyo ndiyo ufunguo wa kuielewa kazi ya wale wanaozisaka programu za zamani za sataranji. Uhai wa programu haukuamuliwa na nguvu zake ubaoni, bali na njia iliyotumika kuiandika na kuisambaza: iliyofungwa ndani ya mashine moja ilikufa na mashine hiyo, na iliyochapishwa kitabuni, kuuzwa kwa kanda au kuchomwa katika chipu za maelfu ya masanduku ilipata nafasi ya kuzivuka zama zake. Kwa sababu hiyo, historia inayoweza kuchezwa leo si historia ya mabingwa, bali kwa kiasi kikubwa ni historia ya wanyonge waliobahatika kuwa na nakala nyingi.

Kanuni kwenye karatasi

Ndoto ya mashine inayocheza sataranji ilitangulia kompyuta kwa zaidi ya karne moja na nusu. Mwaka 1770 Wolfgang von Kempelen alionyesha mjini Vienna sanamu iliyovaa kilemba, maarufu kwa jina la Mturuki, ambayo iliwashinda wachezaji wengi wa Ulaya na baadaye Marekani mpaka ilipoteketea kwa moto huko Philadelphia mwaka 1854. Lakini ushindi huo ulikuwa wa mchezaji hodari aliyejificha ndani ya kabati lake. Mashine ya kwanza isiyo na hila ilikuwa ya mhandisi wa Hispania, Leonardo Torres y Quevedo, aliyeijenga mwaka 1912 kwa ajili ya kazi moja tu, yaani kumfukuza mfalme wa mpinzani kwa kutumia mfalme na ngome mpaka upatikane mati, ambayo ni hali ya mfalme kushambuliwa pasipo na njia ya kuokoka. Mashine hiyo bado imehifadhiwa Madrid.

Msingi wa programu zote zilizofuata uliwekwa na Mmarekani Claude Shannon katika makala yake iliyochapishwa mwaka 1950. Shannon alikadiria kwamba katika hali ya kawaida ya ubao mchezaji huwa na hatua halali zipatazo 30 za kuchagua, na kwamba idadi ya michezo inayowezekana inakaribia tarakimu 1 ikifuatwa na sifuri 120, kiasi ambacho mashine yoyote haiwezi kukimaliza. Kwa hiyo alipendekeza kwamba mashine iangalie mbele hatua chache, iupime kila ubao unaotokea kwa kujumlisha thamani ya kete na ubora wa mahali zilipo, kisha ichague hatua inayoipa matokeo mazuri zaidi kwa sharti kwamba mpinzani naye atajibu kwa namna itakayoiumiza zaidi. Akatofautisha mbinu mbili: ya kwanza, aliyoiita Aina A, huchunguza kila hatua halali hadi kina fulani, ilhali ya pili, Aina B, huziacha hatua zinazoonekana za kipuuzi ili izichimbe kwa undani zile zinazoelekea kuwa na maana. Ushindani wa mbinu hizi mbili ndio uliotawala miaka 25 iliyofuata.

Wakati huohuo, nchini Uingereza, Alan Turing na mwenzake David Champernowne walikuwa wamekwisha kubuni mwaka 1948 kanuni za programu iliyoitwa Turochamp, ingawa hapakuwa na kompyuta yenye uwezo wa kuiendesha. Mwaka 1952 Turing aliamua kuwa kompyuta yeye mwenyewe: aliketi Manchester na karatasi zake mbele ya Alick Glennie, akapiga hesabu kwa mkono kufuata kanuni alizoziandika, kila hatua ikimchukua takriban nusu saa, na programu yake ikashindwa katika hatua ya 29. Orodha ya hatua za mchezo huo ilihifadhiwa, na kwa hiyo miongo kadhaa baadaye watafiti walioziandika upya kanuni hizo kwa ajili ya kompyuta ya kisasa walikuwa na kipimo cha kuaminika, kwani programu iliyofufuliwa ipasavyo ilitarajiwa kurudia hatua zilezile za mwaka 1952.

Matarajio hayo hayakutimia. Katika sehemu kadhaa za mchezo kompyuta ilichagua hatua tofauti na zilizoandikwa, na wafufuaji, ambao kwanza walidhani kwamba kosa liko katika msimbo wao, yaani maagizo waliyoiandikia kompyuta, walilazimika kuukagua upya mstari kwa mstari. Maelezo yaliyokubalika mwishowe ni kwamba Turing hakuzifuata kanuni zake barabara, bali pale ambapo hesabu ilikuwa ndefu na jibu likaonekana wazi machoni pake alikata shauri bila kumaliza. Juni 2012, katika maadhimisho ya miaka 100 ya kuzaliwa kwa Turing, Kasparov alicheza Manchester na Turochamp iliyofufuliwa akaishinda kwa hatua 16. Tukio hilo lina funzo kwa mwanahistoria: kumbukumbu ya mchezo na kanuni za programu ni ushahidi wa aina mbili, na mmoja hauwezi kuchukuliwa kuwa nakala ya mwingine.

Enzi ya maabara

Programu za kwanza kuendeshwa na kompyuta halisi zilibanwa na ufinyu wa mashine. Huko Manchester, Novemba 1951, Dietrich Prinz aliifanya kompyuta ya Ferranti Mark 1 ifumbue mafumbo ya mati ya hatua mbili, lakini haikuweza kucheza mchezo mzima. Mwaka 1956 wanasayansi wa Los Alamos, Marekani, walipunguza ubao badala ya kusubiri kompyuta ikue: waliondoa maaskofu, wakatumia vyumba 36 badala ya 64, na mashine yao, MANIAC I, ikamshinda kwa hatua 23 mtu aliyekuwa ndiyo kwanza anaujifunza mchezo. Muda mfupi baadaye Alex Bernstein na wenzake waliandika programu ya ubao kamili kwa ajili ya kompyuta ya IBM 704, wakifuata Aina B ya Shannon: katika kila hali programu ilichagua hatua saba tu zilizoonekana nzuri na kuangalia mbele hatua nne, mbili za kila upande, hivyo badala ya hali 810,000 ambazo zingetokana na kuzifuata hatua zote 30 kila mara, ilibaki na hali 2,401, kazi iliyoichukua takriban dakika nane.

Miaka ya 1960 iliuleta mchezo huu katika mashindano ya mataifa. Kuanzia mwishoni mwa 1966 programu iliyotokana na kazi ya Alan Kotok na John McCarthy ilipambana kwa simu ya maandishi na programu ya taasisi ya fizikia ya ITEP ya Moscow, na Warusi, waliotumia Aina A, wakashinda kwa pointi 3 dhidi ya 1. Huko MIT, Richard Greenblatt aliandika Mac Hack VI, ambayo mwaka 1967 ilikuwa programu ya kwanza kushiriki mashindano ya kawaida ya binadamu na kumfunga mpinzani wake. Ndani yake mlikuwa na jedwali la kukumbuka hali za ubao zilizokwisha kupimwa, ili hali ileile ikifikiwa kwa njia nyingine isihesabiwe upya, mbinu ambayo haijawahi kuachwa tangu hapo. Mwaka 1974 Kaissa, iliyoandikwa Moscow, ilitwaa ubingwa wa kwanza wa dunia wa kompyuta uliofanyika Stockholm, na programu za Chuo Kikuu cha Northwestern zilizoandikwa na David Slate na Larry Atkin zilitawala mashindano ya Amerika Kaskazini, zikathibitisha kuanzia toleo la 4.0 kwamba kuchunguza kila hatua kwa kasi kunazidi kuchagua kwa werevu. Toleo la 4.7 ndilo lililopambana Toronto mwaka 1978 na David Levy, mchezaji aliyekuwa ameweka dau mwaka 1968 kwamba hakuna kompyuta itakayomshinda katika miaka kumi. Levy alishinda kwa pointi 3.5 dhidi ya 1.5.

Kwa msakaji wa leo, enzi hii ndiyo yenye mapengo makubwa zaidi. Programu hizo ziliandikwa kwa ajili ya mashine chache zenye gharama kubwa, mara nyingi kwa lugha ambayo mashine nyingine haikuielewa, na taasisi ilipobadilisha kompyuta hapakuwa na sababu ya kuuhifadhi msimbo usioweza tena kuendeshwa. Mac Hack ni miongoni mwa chache zilizookoka, kwa kuwa ilisalia ndani ya kumbukumbu za mfumo endeshi wa maabara yake ambao wapenzi wa kompyuta wameufufua wote kwa jumla. Belle, mashine iliyojengwa na Ken Thompson na Joe Condon katika maabara za Bell, ambayo mwaka 1983 ilikuwa ya kwanza kupata cheo cha umahiri nchini Marekani, iko upande mwingine wa mizani: ujuzi wake ulikuwa umeunganishwa katika saketi za umeme, na saketi hazinakiliwi kama maandishi.

Baiti elfu moja

Hali ilibadilika pale kompyuta ilipoingia majumbani. Mwaka 1976 Peter Jennings wa Toronto aliiandika MicroChess kwa ajili ya KIM-1, ubao mmoja wa saketi usio na skrini wala kibodi, wenye kumbukumbu inayozidi kidogo tu baiti 1,000, vibonyezo vya tarakimu na herufi chache, na taa za kuonyesha alama sita kwa mara moja. Baiti moja ni nafasi ya kuhifadhi herufi moja, kwa hiyo programu nzima, pamoja na hali ya ubao na hesabu zote, ilitoshea katika nafasi isiyofikia ukurasa mmoja wa maandishi. Aliyenunua alipokea karatasi kwa bei ya dola 10, naye aliiingiza programu mwenyewe, alama baada ya alama, kwa kubonyeza.

Kuicheza MicroChess kulidai ubao wa mbao pembeni. Vyumba viliandikwa kwa tarakimu mbili, safu kwanza kisha mstari, zote zikihesabiwa kuanzia 0 hadi 7, hivyo mchezaji aliyetaka kumsogeza askari wa mfalme vyumba viwili mbele alibonyeza namba ya chumba cha kutoka kisha ya chumba cha kwenda, akathibitisha, akabonyeza tena ili mashine ianze kufikiri, na taa zikapepesa mpaka zilipotulia na kuonyesha namba ya kete ya mashine, mahali ilipotoka na mahali ilipokwenda. Sheria kadhaa za mchezo hazikutoshea ndani, kwa mfano askari anayekula askari mwenzake kwa kupita, ikambidi mchezaji azitekeleze kwa mkono. Pamoja na mapungufu hayo MicroChess iliuzwa kwa maelfu mengi ya nakala ilipohamishiwa kompyuta nyingine, na mapato yake yalisaidia kugharimia VisiCalc, programu ya hesabu za majedwali iliyotolewa mwaka 1979 na kuifanya kompyuta ndogo kuwa chombo cha biashara. Jennings mwenyewe baadaye aliutoa hadharani msimbo wake pamoja na mwongozo, na ndiyo maana programu hii imesalia kamili.

Njia nyingine ya kunusurika ilikuwa kitabu. Wanandoa Dan na Kathe Spracklen wa California waliandika Sargon, iliyoshinda mashindano ya kompyuta ndogo huko San Jose Machi 1978, kisha wakauchapisha msimbo wake wote kwa lugha ya kichakataji cha Z80 katika kitabu kilichotolewa mwaka huohuo na kampuni ya Hayden. Kitabu hicho kilimweleza msomaji kila sehemu ya programu, ikiwemo ile iliyohesabu nani atafaidika iwapo kete kadhaa zitalana katika chumba kimoja, sehemu ambayo ilikuwa imara kuliko za washindani wake. Kwa kuwa maandishi yalikuwa yamesambaa katika maktaba na majumba ya watu, miaka ya karibuni imewezekana kuugeuza msimbo huo, agizo kwa agizo, uwe katika lugha ya vichakataji vya leo, hata Sargon ya 1978 ikaweza kucheza dhidi ya programu yoyote ya kisasa.

Ufinyu wa kumbukumbu ulizaa pia ushindani wa kubana. Mwingereza David Horne aliandika mwanzoni mwa miaka ya 1980 programu ya kompyuta ya Sinclair ZX81 yenye ukubwa wa baiti 672 tu, nayo ilishikilia sifa ya kuwa ndogo kuliko zote mpaka mwaka 2015, ilipotokea programu ya baiti 487. Katika mashine ya michezo ya Atari 2600, iliyokuwa na baiti 128 za kumbukumbu ya kazi, Larry Wagner na Bob Whitehead walitoa Video Chess mwaka 1979. Kikwazo cha kwanza kilikuwa kuonyesha kete nane katika safu moja ilhali mashine haikuundwa kuchora vitu vingi hivyo kwa pamoja, na Whitehead alikitatua kwa kuzichora kete kwa kupokezana, mstari mmoja wa skrini kwa kete hizi na unaofuata kwa zile nyingine. Kikwazo cha pili hakikutatuliwa, kwani kichakataji kilichopaswa kufikiri ndicho hichohicho kilichochora picha, hivyo mashine ilipofikiri ubao ulitoweka na skrini ikabaki na rangi zinazobadilikabadilika mpaka jibu lilipopatikana.

Masanduku yenye ubao

Sambamba na programu za kompyuta za nyumbani ilikua biashara ya masanduku maalumu, yaani vifaa vilivyounganisha ubao, vibonyezo na kichakataji, visivyofanya kazi nyingine yoyote. Kampuni ya Fidelity ya Marekani ilifungua soko mwaka 1977 kwa Chess Challenger, ambayo toleo lake la kwanza liliandika herufi na tarakimu za ubao kinyume na desturi. Huko Hong Kong ilikuwako Novag, na huko Munich kampuni ya Hegener & Glaser ilitoa masanduku ya Mephisto ambayo yalikuja kuwa fahari ya fani hii. Mwingereza Richard Lang aliyaandikia programu zilizoshinda ubingwa wa dunia wa kompyuta ndogo mwaka baada ya mwaka, na kila toleo likapewa jina la mji wa ushindi wake: Amsterdam wa 1985, Dallas wa 1986, Roma wa 1987, Almeria wa 1988, na mengine yaliyofuata.

Ujuzi wa masanduku haya ulichomwa katika chipu ya kumbukumbu isiyofutika, na hilo ndilo lililoyaokoa. Betri huvuja, vibonyezo huchakaa na vioo vya kuonyesha hatua huingia weusi, lakini chipu nyingi bado husomeka, na mwenye ujuzi huweza kuyatoa yaliyomo na kuyahifadhi kama faili. Programu huria iitwayo MAME, iliyoanzishwa mwaka 1997 kwa ajili ya michezo ya kumbi za burudani, ambayo mwaka 2015 iliunganishwa na nyingine iliyoshughulikia kompyuta za kale, leo huiga masanduku mengi ya aina hiyo, pamoja na ubao wake unaoguswa kwa kipanya.

Kazi ya kufufua

Chombo kama MAME huitwa kiigizi, yaani programu inayoifanya kompyuta ya leo itekeleze maagizo yaliyoandikiwa mashine nyingine, kwa kukifuata kichakataji cha zamani pigo kwa pigo. Kwa programu za miaka ya 1990 zilizoendeshwa na mfumo wa DOS hutumika DOSBox, na kwa Atari hutumika Stella. Kwa kawaida kiigizi hakikosekani. Ugumu uko katika kupata nakala safi ya programu yenyewe. Kanda za kaseti na disketi hupoteza usumaku wake, na watengenezaji wengi waliweka kwa makusudi sehemu zenye makosa katika disketi zao ili zisinakilike kwa njia ya kawaida, hila iliyokusudiwa kuwazuia wezi lakini ambayo leo humzuia mhifadhi. Dawa yake ni vifaa vinavyosoma mabadiliko ya sumaku yenyewe juu ya diski, makosa yakiwemo, badala ya kuiuliza diski faili zake.

Suala la umiliki nalo si dogo. Hegener & Glaser iliinunua Fidelity mwaka 1989, kisha yenyewe ikachukuliwa mwaka 1994 na Saitek, kampuni nyingine ya masanduku ya sataranji, na programu iliyoachwa bila kuuzwa haimaanishi kwamba haki zake zimekwisha. Msakaji makini huanza na kazi ambazo waandishi wenyewe wameziruhusu, kama MicroChess, au Rebel ya Mholanzi Ed Schröder, ambaye amezitoa bure programu zake za zamani, na zile ambazo msimbo wake ulikuwa wazi tangu mwanzo, kama GNU Chess iliyoanzishwa na Stuart Cracraft mwaka 1984 na Crafty ya Robert Hyatt. Vifaa asilia vilivyotumika hununuliwa kihalali sokoni, na wapo wanaoona kwamba sanduku la Mephisto lenye kete za mbao haliwezi kubadilishwa kwa picha ya skrini.

Jambo linalosahaulika mara nyingi ni kasi. Programu iliyopewa dakika tatu kwa hatua katika mashine ya 1985 ilifika kina fulani, na ikipewa dakika zilezile katika kompyuta ya leo isiyozuiwa itafika mbali zaidi, hivyo mchezaji hatakuwa anakutana na mpinzani yule waliyemjua watu wa wakati ule. Kwa sababu hiyo viigizi vizuri huibana kasi ilingane na ya mashine asilia, na wanaotoa matokeo ya mapambano hutaja toleo la programu, kichakataji na muda uliotumika. Nidhamu hiyo ina asili yake katika chama cha Sweden cha kompyuta za sataranji, SSDF, ambacho tangu miaka ya 1980 kilizipambanisha programu kwa maelfu ya michezo na kuzipanga kwa viwango, na orodha zake humwezesha msomaji wa leo kujua Mephisto fulani ilikuwa na nguvu kiasi gani ikilinganishwa na mwenzake wa miaka kumi baadaye.

Raha ya wanaokosea

Swali linalobaki ni kwa nini mtu azitafute programu dhaifu ilhali simu ya mkononi inaweza kubeba Stockfish, programu huria iliyoanza mwaka 2008 na ambayo hakuna binadamu anayeweza kuishinda. Jibu la kwanza ni kwamba programu za leo hazina makosa yanayoonekana kwa jicho la kawaida, na makosa ya zile za kale husomeka kama hati ya mawazo ya mwandishi. Mfano maarufu ni kasoro ya upeo, iliyoelezwa na Hans Berliner katika miaka ya 1970: programu inayoona hatua nne tu mbele, ikigundua kwamba askofu wake amezingirwa na ataliwa katika hatua ya nne, humtupa askari mmoja mbele ya malkia wa mpinzani ili amlazimishe ajibu, na kwa kuwa msiba wa askofu umesukumwa hadi hatua ya sita, ambako programu haifiki, huamini kwamba umekwisha. Hatua inayofuata msiba huonekana tena, naye askari wa pili hutupwa, kisha wa tatu, mpaka askofu anapoliwa hatimaye na ubao umebaki mtupu. Anayekijua chanzo cha kioja hicho huweza kumtega mpinzani wake kwa makusudi, na pia huelewa kwa nini waandishi waliofuata waliiamuru programu isipime ubao kabla ya kumaliza kufuatilia kete zote zinazoweza kulana.

Jibu la pili ni tabia. Mwandishi aliyekuwa na kilobaiti chache hakuweza kuiingizia mashine ujuzi wote, ikambidi achague kipi akithamini na kipi akipuuze, na uchaguzi huo ulionekana ubaoni. Novag Super Constellation ya mwaka 1984, kazi ya David Kittinger, ilijulikana kwa kutoa kete mhanga bila uhakika wa malipo, na Chess System Tal ya Chris Whittington, ya miaka ya 1990, iliandikwa kwa nia ya kushambulia hata pale hesabu ilipokuwa na shaka. Programu za Lang zilikuwa za mahesabu makini. Toleo lake la kompyuta za kawaida, Chess Genius, lilimtoa Kasparov katika mashindano ya michezo ya haraka jijini London mwaka 1994, miaka mitatu kabla ya Deep Blue, kwa kutumia kichakataji ambacho mtu yeyote angeweza kukinunua. Kuzipambanisha programu hizi, moja dhidi ya nyingine, ni kuzipambanisha rai za watu kuhusu sataranji.

Jibu la tatu limedhihirika hivi karibuni. Juni 2025 iliripotiwa kwamba Video Chess, ikiendeshwa ndani ya Stella katika ngazi ya chini, iliishinda ChatGPT, mfumo wa lugha wenye ukubwa usiolinganishwa na kilobaiti nne za mpinzani wake, ambao ulikuwa ukichanganya kete na kusahau mahali zilipo. Ushindi huo haukuionyesha Atari kuwa na akili zaidi. Ulidhihirisha kwamba programu ndogo iliyoandikwa kwa kazi moja huijua kwa hakika hali ya kila chumba na sheria ya kila kete, na kwamba kutabiri maneno kuhusu sataranji ni kazi tofauti na kuicheza.

Mgawanyiko kati ya mashine zilizofungwa na programu zilizosambazwa haukuisha na Deep Blue. Desemba 2017 kampuni ya DeepMind ilitangaza AlphaZero, iliyojifunza sataranji kwa kucheza yenyewe kwa yenyewe na kuishinda Stockfish mara 28 bila kupoteza hata mchezo mmoja kati ya 100, lakini programu hiyo haikutolewa kwa umma, na wachezaji wameijua kwa michezo yake iliyochapishwa tu. Mwaka uliofuata watu wa kujitolea, wakifuata mbinu iliyoelezwa katika chapisho la DeepMind, walianza kuijenga Leela Chess Zero, ambayo msimbo wake na matokeo ya mafunzo yake viko wazi kwa kila anayevitaka. Iwapo yaliyotokea tangu 1951 ni kielelezo, wasakaji wa mwaka 2060 watakaotaka kujua mashine za zama hizi zilivyofikiri watacheza na Leela, na AlphaZero wataisoma tu.